Niliwafukuza Majirani, Taka Zikabaki

Niseme mapema, msomaji asijisumbue kunitafutia udhuru: niliwatoa watu wasio na kosa kwenye kundi la gemu nililokuwa nikilisimamia. Nilichotazama ni tarakimu za mwanzo za namba zao za simu tu, na nilipomaliza nikajisifu. Aliyekuwa akituletea uchafu nilimwacha ndani. Namba yake ilianza na 255 kama yangu, na uadmini nilikuwa nimempa mwenyewe kwa mkono wangu.

Kundi lilikuwa la WhatsApp. Lilianzia Bukiriro, kata ya wilaya ya Ngara, kwa vijana tuliokuwa tukigombea padi kwenye banda la gemu, anayefungwa anampisha anayesubiri. Mwenye banda alipohama na mitambo yake, tukahamia kwenye simu. Mchezo wetu ni eFootball, ule ambao hadi mwaka 2021 Konami waliuita PES, na ambao watu waliokulia bandani wataendelea kuuita PES mpaka kesho. Kwenye simu huna haja ya kukaa benchi moja na mpinzani. Unafungua chumba, unampa nywila, anaingia, mnacheza, mshindi anapiga picha ya matokeo na kuitupia kundini. Kama bando lipo na mtandao haujakata, mtu wa Bukiriro anacheza na wa Rulenge, wa Kabanga au wa Biharamulo, kila mmoja yuko kwao.

Ndivyo kundi lilivyokua, na ndivyo lilivyovuka mpaka. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Kagera na Ruvubu ndiyo mito tuliyochorewa kuwa mipaka. Malori ya Kigali yanapita Rusumo, ya Bujumbura yanapita Kabanga. Kihangaza chetu na Kirundi cha Muyinga ni ndugu wa karibu kiasi kwamba watu wawili wanaopatana bei ya maharage sokoni hawahitaji mkalimani. Mawimbi ya simu nayo hayana pasipoti. Kuna vilima ambako ukiwasha simu, meseji ya kwanza inakukaribisha nchi ya jirani. Kwa hiyo kundini mwetu mlikuwa na namba za 257 na za 250. Baadhi ya wenye namba hizo walikuwa Warundi, baadhi Wanyarwanda, na baadhi Watanzania kabisa wanaofanya kazi ng'ambo au wanaokaa mahali ambapo laini ya ng'ambo ndiyo inayoshika. Kwenye ligi hakuna aliyewahi kuuliza. Tulijua nani ana kipa mzuri na nani hukata mtandao akishafungwa.

Kisha taka zikaanza kuingia, kwanza kidogo kidogo, baadaye kila saa. Moja naikumbuka vizuri kwa sababu ilirudi mara nyingi: "HONGERA!! Umepata koini 12,000 za eFootball. Bonyeza linki kabla ya saa 6 usiku. Tuma kwa makundi 10 zako zifunguke." Zikafuata mikeka ya uhakika, akaunti za wachezaji wakali kwa bei ya chee, mikopo isiyo na dhamana, na ile meseji ambayo nadhani kila Mtanzania ameipata walau mara moja, ya kuambiwa ile hela uitume kwenye namba hii. Mtu anaweka matokeo ya nusu fainali, dakika mbili baadaye yamezikwa chini ya matangazo. Wenye bando la kuungaunga wakazima kupakua picha. Bwana mdogo mmoja wa kidato cha pili aliibonyeza ile ya koini, akaingiza barua pepe na nywila yake, na timu aliyoijenga kwa uvumilivu wa muda mrefu ikaenda na maji.

Hapo lawama zikanigeukia mimi. "Admin umelala?" wakaniandikia mbele ya watu. Nilikuwa sijalala, ila sikujua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya akishasutwa hadharani anatafuta la haraka.

La haraka likajileta. Namba moja iliyomwaga tangazo ilianza na 62, ya Indonesia. Siku nyingine linki ya koini ilitumwa na kijana mwenye 257. Sikumuuliza. Ningemuuliza angeniambia alichokuja kuniambia baadaye, kwamba na yeye aliamini zile koini ni za kweli na alikuwa anatimiza yale makundi kumi. Alikuwa ametapeliwa kama yule wa kidato cha pili, tofauti yao ni tarakimu tatu za mwanzo wa namba. Mimi kichwani nilishachora mstari: uchafu unatoka nje. Na nje, kwa mtu wa Ngara, hakuko mbali.

Usiku huo nikafungua orodha ya wanakundi. Niliowahifadhi kwenye simu walionekana kwa majina; wengine walionekana kwa namba, na pembeni jina walilojipa wenyewe likitanguliwa na kile kimstari cha wimbi. Nilichokiita mgeni, nikitazama leo, kilikuwa ni mtu ambaye sijamhifadhi kwenye simu yangu. Nikashuka na orodha. Nikikuta 257 nabonyeza na kushikilia, naondoa. Nikikuta 250, naondoa. Sikusoma alichowahi kuandika. Sikuangalia kama yumo kwenye ratiba ya Jumamosi. Kwenye kundi mistari ya kijivu ikawa inajipanga, kila mmoja ukitangaza kwamba nimemwondoa fulani, na waliobaki wanaisoma. Mmoja akaweka mikono ya makofi. Nikamaliza kwa tangazo lenye herufi kubwa: kuanzia leo kundi ni la namba za Tanzania tu, tumesafisha nyumba.

Asubuhi yake linki ya koini ikarudi, na namba iliyoileta ilianza na 255.

Hiyo ingetosha kunizindua, lakini haikunizindua. Nilisema ni mabaki. Iliyonizindua ni simu ya mama mdogo. Mwanawe anafanya kazi Kirehe, ng'ambo ya Rusumo, na laini yake ya WhatsApp ni ya huko. Nilikuwa nimemhifadhi kwenye simu yangu ya zamani. Kwenye hii mpya hakuwepo, na lile jina la utani alilojiandika sikulijua. Mama mdogo hakupandisha sauti. Aliuliza, "Mwanangu, mwenzako amekukosea nini? Anasema umemtoa mbele za watu, na hukumwambia neno." Nikaanza kumweleza habari za taka na namba za nje. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa yeye ni wa nje?" Sikuwa na jibu ambalo lingefaa kusemwa kwa mama.

Na hapa kuna jambo linalonitia aibu kuliko yote. Mwaka 2013 nilikuwa bado mwanafunzi. Julai ya mwaka ule Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda, wakiwemo watu waliokuwa wameishi huku miongo kadhaa, wakaoa na kuzaa huku. Watu wa mpakani tunalijua swali la "wewe hasa ni wa wapi?" kuliko watu wa Morogoro au Tanga wanavyolijua, lafudhi yako tu inatosha kukuletea swali hilo. Silinganishi kundi la gemu na operesheni ya serikali. Watu wale waliacha mashamba na nyumba; niliowatoa mimi walikosa ligi. Ninachokiri ni kwamba swali hilo nimelichukia tangu utoto, na siku nilipopewa kitufe nililiuliza mimi, tena bila kusubiri jibu.

Baada ya simu ya mama mdogo nilikaa nikafanya kazi niliyopaswa kuanza nayo: nikarudi nyuma kundini, nikasoma. Sikusoma namba, nilisoma matendo. Nani aliingia lini, aliletwa na nani, baada ya kuingia alifanya nini. Mistari ile ya kijivu ambayo huwa tunairuka ndiyo iliyokuwa na habari yote. Karibu kila namba iliyomwaga taka ilikuwa imeongezwa na admin mmoja, yaani msaidizi wangu. Iliingia, ikakaa kimya kidogo, ikamwaga, ikatoka yenyewe. Na mimi kila nilipouona ule mstari unaosema msaidizi ameongeza mtu, nilijisemea kwamba jamaa anajituma kutafuta wachezaji.

Nikampigia. Akasitasita, kisha akaeleza. Miezi ya nyuma alipata meseji kutoka kwa namba ya rafiki yake ikisema, nimekosea nimekutumia namba ya siri ya tarakimu sita, naomba unirudishie. Akairudisha. Ilikuwa namba ya kufungulia WhatsApp yake yeye mwenyewe. Mara moja akatupwa nje ya akaunti yake, na mwizi akaingia. Aliona haya kusema. Nani katika sisi vijana wa simu anataka kujulikana kwamba ameliwa kwa mtego wa namna hiyo? Akanunua laini nyingine, akaniambia tu kwamba amebadilisha namba, nikamwongeza kwa ile mpya na kumpa uadmini. Ile ya zamani sikuigusa. Ilibaki kundini ikiwa na mamlaka kamili, mikononi mwa mtu nisiyemjua, ikifungua mlango kila ilipotaka. Mimi niko getini nawafukuza Warundi. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wananizungumzia.

Sikumlaumu msaidizi na sijamlaumu mpaka leo. Yeye alidanganywa. Mimi nilikuwa na ushahidi mbele ya macho nikachagua kuangalia rangi ya kitambulisho. Na mlango wa pili nilikuwa nimeuacha wazi mwenyewe: linki ya kujiunga na kundi nilikuwa nimeibandika kwenye kurasa za mashabiki wa mpira Facebook, nikitaka tuwe wengi. Nilitaka wingi, nikaupata.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za taka za mtandaoni, nilikuta kosa langu lina historia ndefu. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, kutangaza mitambo mipya. Ile iliyokasirisha dunia zaidi ilitumwa tarehe 12 Aprili 1994 na mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliomwaga tangazo la bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet. Hakuna aliyeruka ukuta katika hao. Wote walikuwa watu wa ndani, wenye haki ya kuwepo, waliogundua kwamba kumpigia kelele kila mtu hakuwagharimu kitu.

Hata njia niliyoitumia ilishatumiwa na wakubwa. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya anwani za mitambo inayopitisha taka, na barua yoyote kutoka huko ikazuiwa. Ilisaidia sana. Lakini asiye na hatia aliyekuwa akitumia mtambo uleule naye barua zake zilizuiwa, na mtumaji taka akishagundua anahama anwani. Mwaka 2002 Paul Graham aliandika makala akipendekeza kompyuta isome barua yenyewe, ipime uwezekano wa kila neno kuwa la taka au la barua halali. Jambo alilosisitiza ndilo nililolipuuza: kuipoteza barua halali ni hasara kubwa kuliko kupitisha taka moja. Taka ukiiona unaifuta. Barua halali iliyotupwa hujui hata kama ilikuja.

WhatsApp wenyewe walipobanwa na uvumi unaosambaa, mwaka 2019 waliweka kikomo cha kusambaza meseji kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 meseji iliyokwisha kusambazwa mara nyingi ikawekewa kikomo cha sehemu moja tu. Walisema usambazaji wa meseji za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hawakuuliza meseji imetoka nchi gani; waliuliza imepita mikononi mwa watu wangapi.

Na laiti ningetazama takwimu za hapahapa nyumbani! Taarifa za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kuhusu majaribio ya utapeli kwa simu zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza. Ni namba za Tanzania, laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole. Usajili huo, ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa Januari 2020, unasaidia kumfuatilia mwovu akishajulikana, lakini haumgeuzi mtu kuwa mwema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, nayo inashughulikia ujumbe usioombwa kwa kutazama nia na tendo la mtumaji.

Nilianza kutengeneza kwa kuomba radhi, na ilibidi niombe mahali palepale nilipokosea. Niliandika kundini kwamba nilikosea, akina nani walionewa, na kwamba makofi niliyopigiwa hayakustahili. Kisha nikawapigia niliowatoa, mmoja mmoja, kwa kadiri nilivyozipata namba zao kwenye ile mistari ya kijivu. Wengine walicheka. Kijana wa zile koini aliniambia kwa Kirundi kwamba alijua tu sijamwelewa. Mtoto wa mama mdogo alirudi siku hiyohiyo na kunidai pointi za mechi alizokosa. Tulimpa nafasi ya kuzicheza. Mpemba mmoja anayeuza vyombo Kabanga, mwenye laini ya 255 ambaye sikumgusa, aliniandikia faragha kwamba usiku ule alikaa anajiuliza zamu yake lini. Nilikuwa nadhani niliobaki nao nimewapa usalama.

Mambo ya kiufundi hayakuchukua hata jioni moja. Namba ya zamani ya msaidizi tuliivua uadmini na kuitoa. Linki ya kundi niliifuta, ikatoka mpya isiyobandikwa popote, na kila anayeomba kuingia anasubiri idhini. Anayeingia lazima awe na mdhamini, mwanakundi mmoja aliyewahi kucheza naye, awe wa Bukiriro, wa Muyinga au wa Kirehe. Mgeni hatumi linki mpaka acheze raundi ya kwanza. Kila admin ameweka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp, na tulikaa na wadogo kuwaonyesha inavyowekwa, tukawaambia namba ya siri ya tarakimu sita haombwi mtu, hata na ndugu. Namba ya Kitanzania inayomwaga utapeli tunaituma TCRA kupitia 15040. Na wengine tumepiga *106# kuona kama kuna laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyetu tusizozijua. Kabla ya kumtoa mtu yeyote, tunamwandikia faragha na kumpa nafasi ya kujibu. Ni kazi, inachosha, na mara chache taka inawahi kupita kabla hatujaiona. Tunaifuta, tunaendelea.

Kijana mmoja wa Kobero, upande wa Burundi wa mpaka wa Kabanga, hakurudi. Alikuwa kinara wa ligi usiku nilipomtoa. Nilipompigia alinisikiliza kwa adabu, akasema amesamehe, na kwamba tayari ameanzisha kundi lake. Sikumbembeleza, maana hana deni kwangu. Mwezi uliopita tuliwaomba mechi ya kirafiki, timu kwa timu. Wakakubali, wakatuuliza kama wanaruhusiwa kutumia laini zao, na wakatufunga 4–1.